Kijana Mwenye Kifafa Akisha Balehe: Mambo Yapasayo Kusemwa Hospitali

Watu wa Pwani wana methali isemayo kwamba mficha uchi hazai, na nyingine isemayo kwamba mficha maradhi, kilio kitamfichua. Methali hizi mbili zimekutana katika jambo moja ambalo husemwa kwa nadra nyumbani, na kwa nadra zaidi hospitali: nalo ni afya ya uzazi ya kijana mwenye maradhi ya kifafa.

Mtoto aliyeshikwa na kifafa akiwa mdogo huletwa hospitali na mama yake. Daktari humwuliza mama, mama hujibu, mtoto hukaa kimya, na dawa hutolewa. Miaka hupita. Mtoto huyo hukua, hubalehe, huanza kufikiri juu ya uchumba na ndoa. Lakini mazungumzo katika chumba cha daktari hubaki yale yale ya zamani. Ameanguka mara ngapi mwezi huu? Amekunywa vidonge vyake? Chukua vingine, rudi mwezi ujao. Hapo ndipo madhara huingia, kwa sababu mwili wa kijana umekwisha badilika, na dawa aliyopewa akiwa mtoto sasa ina mambo mengine ya kufanya mwilini mwake.

Makala hii yaeleza mambo hayo, ili wazazi wa Kona ya Musa, Ukunda, Msambweni na kwingineko, pamoja na vijana wenyewe, wajue la kuuliza wafikapo kwa mganga wa hospitali.

KIFAFA NI NINI?

Kifafa ni maradhi ya ubongo. Ubongo hufanya kazi kwa nguvu ndogo ndogo za umeme zipitazo kwa utaratibu. Utaratibu huo ukivurugika ghafula, mtu huanguka, hukakamaa na kutupa viungo, au pengine hukodoa macho tu asijue lililompata. Si jini, si laana ya wazee, wala si maradhi ya kuambukiza. Mate yatokayo mdomoni mwa mgonjwa hayampi mtu mwingine kifafa, na kula naye sahani moja hakuna hatari yo yote.

Shirika la Afya Duniani lakadiria ya kuwa watu wapatao milioni 50 ulimwenguni wana kifafa, na ya kuwa watu 70 katika kila 100 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepata dawa zifaazo na kuzinywa ipasavyo. Huko Kilifi, ambako kifafa kimechunguzwa kwa miaka mingi, wataalamu wameona ya kwamba sababu zake ni pamoja na madhara yampatayo mtoto wakati wa kuzaliwa, kuumia kichwa, na maradhi ya vijidudu yafikayo ubongoni. Uchunguzi wa huko uliotangazwa mwaka 2012 ulionyesha ya kuwa zaidi ya nusu ya wagonjwa hawakuwa wakipata matibabu yapasayo.

Katika nchi jirani ya Tanzania, huko Mahenge, daktari mwanamke jina lake Louise Jilek-Aall alifungua kliniki ya kifafa mwaka 1960, wakati nchi hiyo ilipokuwa bado ikiitwa Tanganyika. Aliwakuta wagonjwa waliotengwa na jamaa zao, wengine wakiwa na makovu ya kuangukia motoni, kwa kuwa watu waliogopa kuwagusa walipokuwa wakitapatapa. Dawa aliyowapa ni fenobabitali, ambayo ilikwisha julikana tangu mwaka 1912 kuwa yatuliza kifafa, na ambayo hata leo hutolewa katika zahanati nyingi za Afrika Mashariki kwa sababu ni ya bei nafuu. Wengi walipata nafuu. Basi ikiwa dawa hiyo ya zamani ingali ikitumika, yafaa ijulikane vema jinsi inavyopatana na mambo ya ujana.

UJANA HULETA MAMBO MAPYA

Kwanza, mwili wa kijana huongezeka uzito upesi. Kipimo cha dawa kilichomtosha akiwa na miaka 9 huenda kisimtoshe akiwa na miaka 14. Kijana akianza tena kuanguka baada ya kutulia kwa muda mrefu, watu wasikimbilie kusema amerogwa. Pengine amekua, na dawa haikukua pamoja naye.

Pili, msichana akisha vunja ungo, huenda akaona ya kuwa anaanguka zaidi siku chache kabla ya hedhi au wakati wa hedhi yenyewe. Jambo hili lina sababu yake. Homoni zinazoleta hedhi hupanda na kushuka, na baadhi yake huuchochea ubongo, na nyingine huutuliza. Msichana wa namna hii apewe kalenda, aweke alama siku za hedhi na siku za kuanguka. Kalenda hiyo ya miezi mitatu itamfundisha daktari zaidi ya maneno mengi.

Tatu, ujana una mambo yake ya kukesha. Usingizi ukikatizwa kwa ngoma za harusi usiku kucha, au kijana akijaribu pombe, au akiacha vidonge kwa kuwaonea haya wenzake, kifafa hurudi. Kijana aelezwe sababu, wala asikaripiwe tu.

DAWA MBILI ZIKIKUTANA

Hapa ndipo penye jambo kubwa lisilojulikana na wengi.

Chakula na dawa zo zote mtu azinywazo hupita katika ini. Ini ni kama mfagiaji wa uwanja: huondoa vitu mwilini baada ya kazi yao. Dawa tatu za kifafa zitumikazo sana, yaani fenobabitali, kabamazepini na fenitoini, humwongezea mfagiaji huyo nguvu. Matokeo yake ni kwamba huviondoa upesi hata vile vinavyotakiwa vibaki. Miongoni mwa vitu hivyo ni homoni zilizomo katika vidonge vya kupanga uzazi, na zile zilizomo katika kijiti kiwekwacho chini ya ngozi ya mkono.

Tuseme yuko mwanamke kijana wa miaka 19 akaaye Kona ya Musa, ameolewa, na anakunywa kabamazepini aliyopewa katika kliniki ya kifafa. Siku nyingine aenda kliniki ya uzazi wa majira, awekewa kijiti, na kuambiwa ya kuwa atakaa miaka kadhaa bila kushika mimba. Katika kliniki ya kwanza hakuulizwa habari za uzazi, na katika ya pili hakuulizwa habari za kifafa. Wauguzi wote wawili walifanya kazi yao kwa nia njema. Hata hivyo, mwanamke huyo aweza kushika mimba asiyoitazamia, na jamaa zake wakasema kijiti ni uwongo, au yeye mwenyewe ni mwongo. Kumbe si kijiti wala si yeye. Ni dawa mbili zilizokutana mwilini bila mtu kuzitambulisha.

Njia ambazo hazipunguzwi nguvu na dawa hizo zipo. Sindano ya miezi mitatu haiharibiwi nazo. Koili ya shaba iwekwayo ndani ya mji wa uzazi haina homoni, kwa hiyo ini haliwezi kuigusa. Mpira wa kondomu nao haubadiliki, tena ndio peke yake, kati ya njia hizo, ukingao maradhi ya zinaa na Ukimwi. Lakini kila njia ina pande zake. Sindano hiyo ikitumika kwa miaka mingi huenda ikapunguza nguvu ya mifupa, na baadhi ya dawa za kifafa hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo daktari hana budi kupima mambo yote mawili kwa mgonjwa aliye bado akikua.

Iko na dawa nyingine ambayo mambo yake ni kinyume cha hayo. Dawa iitwayo lamotrijini ndiyo ipunguzwayo nguvu na vidonge vya majira vyenye homoni ya estrojeni. Mwanamke anayeitumia akianza vidonge hivyo bila kumwarifu daktari, huenda akaanza kuanguka tena.

Kadhalika kwa mwenye virusi vya Ukimwi. Dawa ya dolutegraviri, ambayo hutumiwa na wagonjwa wengi katika Kenya, hupungua nguvu ikikutana na kabamazepini, fenitoini au fenobabitali. Daktari akijua, aweza kuongeza kipimo au kubadili dawa ya kifafa. Asipojua, virusi hupata nafasi ya kuzaana. Kwa hiyo kijana anayetumia dawa za aina mbili asimfiche daktari ye yote kati ya wawili hao.

DAWA IPASAYO KUOGOPWA KATIKA UJAUZITO

Kati ya dawa za kifafa, moja yahitaji tahadhari kuliko nyingine zote, nayo ni valproeti. Ni dawa yenye nguvu ya kutuliza kifafa, na imewasaidia watu wengi. Lakini mwanamke akiitumia akiwa mjamzito, watoto wapatao 10 katika kila 100 huzaliwa na kasoro kubwa za mwili, kama vile kasoro za uti wa mgongo au za moyo. Tena, watoto 30 hadi 40 katika kila 100 huchelewa katika kusema, kutembea au kujifunza. Kwa sababu hiyo, mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza ya kwamba wasichana na wanawake wawezao kushika mimba wasiandikiwe dawa hiyo, bali wapewe kwanza dawa kama lamotrijini au levetirasetamu. Dawa hizo hazipatikani katika kila zahanati, na hii ni sababu moja zaidi ya kuuliza mapema.

Hapa yafaa kutia mkazo. Msichana asomaye habari hizi, naye anatumia valproeti, asiitupe dawa yake leo. Kuacha dawa ya kifafa ghafula kwaweza kuleta kifafa kisichokoma, na hicho huua. Aliye na mimba tayari asiache vidonge kwa kuogopa kumdhuru mtoto. Kuanguka kwa nguvu ni hatari kwa mama na kwa mtoto pia. Njia iliyo salama ni kwenda kwa daktari upesi, na mabadiliko yafanywe polepole na mtu ajuaye.

Walio wengi kati ya wanawake wenye kifafa huzaa watoto wazima. Jambo lisaidialo ni kujitayarisha kabla ya mimba: kuchagua dawa ifaayo, kutumia kipimo kidogo kinachotosha, na kuanza vidonge vya asidi ya foliki mapema. Kwa kuwa viungo vya mtoto huanza kuumbwa katika majuma ya kwanza, kabla mama hajajua kwamba ana mimba, mazungumzo haya hayawezi kungoja mpaka siku ya kliniki ya wajawazito. Mwaka 2022 hesabu ya Serikali ya Kenya ilionyesha ya kuwa wasichana 15 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikwisha kushika mimba. Anayesema ya kuwa msichana wa miaka 15 ni mdogo mno kuelezwa habari hizi, na aizingatie hesabu hiyo.

WAVULANA WASISAHAULIWE

Si wasichana tu wenye maswali. Baadhi ya dawa za kifafa, na kifafa chenyewe, huweza kupunguza hamu na nguvu za kiume. Kijana akiliona jambo hili, huona aibu, hamwambii mtu, bali huacha dawa kimya kimya. Kisha siku moja huanguka akiwa juu ya mnazi, baharini akivua, au barabarani juu ya pikipiki. Angalimwambia daktari, dawa ingaliweza kubadilishwa. Mwuguzi anayejua kazi yake humwuliza kijana jambo hili kwa upole kabla yeye mwenyewe hajalazimika kulitamka.

Wengine huogopa ya kuwa tendo la ndoa lenyewe litawaangusha. Kwa walio wengi hofu hiyo haina msingi. Kinachoangusha zaidi ni kukosa dawa, kukosa usingizi na kunywa pombe.

HABARI ZA NDOA

Wako wasemao ya kuwa mwenye kifafa asioe wala asiolewe, na wako wasemao ya kuwa ndoa yenyewe ndiyo dawa. Wote wawili wamekosea. Ndoa haiponyi kifafa, na kifafa hakimzuii mtu kuwa mume, mke au mzazi. Hata sheria za nchi kubwa zilikuwa na kosa hili. Katika Bara Hindi, kifafa kilikuwa sababu iliyotajwa katika sheria ya ndoa za Wahindu ya kubatilisha ndoa, mpaka neno hilo lilipofutwa mwaka 1999.

Watu huuliza pia kama mtoto atarithi. Aina nyingine za kifafa hupitia ukoo, lakini watoto walio wengi wa wazazi wenye kifafa hawapati maradhi hayo. Kifafa kilicholetwa na kuumia wakati wa kuzaliwa au na malaria ya ubongo si cha kurithiwa. Lililo jema ni mchumba kuambiwa kweli kabla ya harusi. Siri ikifichuka baada ya harusi huleta talaka. Maradhi yakielezwa mapema huleta mtu mmoja zaidi wa kukumbusha dawa.

Mama mwenye kifafa aweza kunyonyesha, na kwa kawaida dawa hazimzuii. Lakini na amnyonyeshe mtoto akiwa ameketi juu ya mkeka, wala asimwogeshe peke yake, ili akianguka mtoto asiumie.

KUWALINDA NA WATU WABAYA

Msichana anayepoteza fahamu, au anayedhaniwa na majirani kuwa hana akili timamu, huweza kutendewa mabaya na watu waovu, wakijua ya kuwa neno lake halitasadikiwa. Sheria ya Kenya ya makosa ya ngono, ya mwaka 2006, haimkubali mtu mzima ajiteteaye kwa kusema ya kuwa mtoto aliye chini ya miaka 18 aliridhika. Jambo kama hilo likitokea, lisimalizwe kwa mazungumzo ya wazee na kulipana. Msichana apelekwe hospitali upesi, kabla ya kuoga, kwa sababu dawa ya kukinga virusi vya Ukimwi yapasa kuanza kabla ya saa 72 kupita. Tena daktari aambiwe jina la dawa yake ya kifafa, kwa kuwa kidonge cha dharura cha kuzuia mimba nacho huweza kupunguzwa nguvu na dawa zile tatu zilizotajwa. Koili ya shaba ikiwekwa katika muda wa siku tano ndiyo yenye hakika zaidi.

NANI ASEME NA KIJANA?

Mzazi wa Pwani huona haya kusema na mwanawe juu ya mambo haya, na haya hiyo ina heshima ndani yake. Lakini wazee hawakuwaacha vijana gizani. Walimweka somo au kungwi amfundishe mwari, na bibi na babu walikuwa na ruhusa ya kutania na kuonya pale ambapo mama na baba walinyamaza. Basi desturi yenyewe yakiri ya kuwa kijana lazima aambiwe, na ya kuwa yuko mtu mwenye kazi hiyo.

Upungufu ni huu, kwamba somo hajui habari za kabamazepini. Hapo mwuguzi ndiye awe somo wa pili. Na ili aweze, mzazi akubali kutoka nje ya chumba kwa dakika chache katika kila ziara, ili kijana aseme peke yake. Mwuguzi naye atunze siri, isipokuwa panapo hatari kwa maisha ya kijana. Mzazi asidhani ya kuwa amenyang'anywa mtoto. Kijana aliyezoea kusema na daktari mwenyewe ndiye atakayeendelea kuja kliniki akiwa mtu mzima, siku ambayo mama hatakuwapo wa kumshika mkono.

MASWALI YA KWENDA NAYO

Safari ya matatu kutoka Kona ya Musa mpaka Hospitali ya Msambweni hugharimu nauli na siku nzima ya kazi. Ili isiwe bure, kijana au mzazi aende na maswali haya, hata kama ameyaandika katika karatasi:

1. Dawa hii ya kifafa yaitwaje, na je, kipimo chake chalingana na uzito wa leo?

2. Je, dawa hii yapunguza nguvu ya vidonge vya majira au ya kijiti? Ni njia gani ya kupanga uzazi iliyo salama pamoja nayo?

3. Je, dawa hii ina hatari gani katika ujauzito, na iko nyingine iliyo salama zaidi?

4. Asidi ya foliki ianzwe lini?

5. Kuna dawa nyingine anazotumia kijana, za hospitali au za mitishamba, zisizopatana na hii?

6. Je, kijana aweza kusema na daktari peke yake kwa muda mfupi?

Tena, kila aendaye kliniki ya uzazi wa majira aonyeshe vidonge vyake vya kifafa, na kila aendaye kliniki ya kifafa aseme anatumia njia gani ya uzazi. Jina la dawa liandikwe katika kadi au daftari la kliniki, wala lisitegemee kumbukumbu tu, kwa maana vidonge vingi vyeupe hufanana. Na iwapo mwuguzi hakuuliza, mgonjwa aseme mwenyewe. Kusema huko si utovu wa adabu.